Matanga ya Sabina Park

Anko wangu ana mechi mbili kichwani, na ukikaa naye zaidi ya nusu saa lazima zote mbili zitoke. Moja ni ya Nairobi Gymkhana, Februari 2003, Collins Obuya akiwaondoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24 pekee. Nyingine ni ya Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, Kombe la Dunia: Kenya 166, West Indies 93. Hii ya Pune ndiyo huisimulia vizuri zaidi kwa sababu Brian Lara yumo. Rajab Ali anarusha, gongo linaugusa mpira kidogo tu, Tariq Iqbal na miwani yake anaudaka nyuma ya wiketi, na Lara anaondoka na mikimbio minane. Hapo anko husimama. Hutembea yeye mwenyewe polepole, kutoka kwa kochi hadi mlango wa jikoni, kichwa chini, akiwa Lara.

Basi Julai 2025 nilipompigia kumwambia West Indies wote wametoka kwa 27, nilitarajia kicheko. Hakucheka. "Hao watoto wameaibisha wazee wao," alisema, halafu akanyamaza ule unyamavu ninaoujua. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Kwetu hakuna anayelisema hilo waziwazi, lakini kila mazungumzo kuhusu mtoto aliyepoteza alichoachiwa huwa yameniwekea kiti.

Kwa hivyo nikiri mapema kwamba nina kesi katika jambo hili. Wiki ile yote nilishinda nikiwasikiliza mashabiki wa West Indies, wa Jamaica na Barbados na Trinidad, na wale waliohamia London na Brooklyn, na kila sauti niliisikia ikisema kama anko.

Kwanza hesabu, kwa msomaji ambaye kriketi kwake ni zile nguo nyeupe anazoziona akipita Ngara kwa matatu. Mechi ya Testi huchukua hadi siku tano, kila timu ikipiga mara mbili. Australia walienda Karibi kucheza Testi tatu. Walishinda Barbados, wakashinda Grenada, kisha wakafika Kingston, Jamaica, uwanja wa Sabina Park, ambapo West Indies walihitaji mikimbio 204 ili angalau waokoe moja. Mitchell Starc, akiwa kwenye Testi yake ya 100, akaondoa mtu kwa mpira wa kwanza kabisa. Ova hiyo hiyo akaondoa wengine wawili. Mipira 15 tu aliyorusha ikawa imempa watano. Wapigaji saba walirudi na sufuri. Kila kitu kiliisha kwa mipira 87. Katika historia yote ya Testi ni timu moja tu imewahi kupata chini ya hapo, New Zealand, 26, mwaka 1955, na hata huo mkimbio mmoja wa tofauti ulipatikana kwa sababu Mwaustralia mmoja aliukosa mpira uliokuwa wake.

Baada ya hapo wakaanza kuongea. Na ukisikiliza vya kutosha unagundua kwamba maongezi haya yana utaratibu, kama matanga. Kwanza marehemu anasifiwa. Clive Lloyd anatajwa, Viv Richards anatajwa, Michael Holding na Malcolm Marshall. Inasimuliwa 1976, nahodha wa England Tony Greig aliposema atawapigisha magoti, mzungu aliyezaliwa Afrika Kusini akiwaambia watu weusi hivyo, na Holding akamjibu kule The Oval kwa wiketi 14. Inasimuliwa 1984, tano kwa sufuri ndani ya Uingereza kwenyewe. Inakumbushwa kwamba kuanzia 1980 hadi 1995 West Indies hawakupoteza msururu hata mmoja wa Testi. Kisha linaulizwa swali la matanga yote: aliugua nini? Pesa, atasema mmoja. Ligi za India, atasema mwingine. Bodi. Mpira wa kikapu na televisheni za Marekani. Na baada ya yote hayo, watoto wa marehemu wanaitwa mbele na kuambiwa hawana moyo.

Hata bodi yao ilicheza sehemu yake. Rais wake aliitisha kikao cha dharura na kuwaalika Lloyd, Richards na Lara. Ukoo umekaa, wazee wameletewa viti.

Sitaki kuyabeza maombolezo haya. Ni kati ya maongezi mazuri zaidi ya michezo niliyowahi kusikia, na yana sababu. West Indies si nchi. Kwenye Olimpiki Jamaica inakimbia peke yake, Trinidad peke yake, Grenada peke yake. Shirikisho la kisiasa walilojaribu mwaka 1958 lilikufa 1962. Timu ya kriketi ikabaki kuwa moja ya mahali pachache ambapo mtu wa Kingston na mtu wa Georgetown, waliotenganishwa na bahari nzima, wanaweza kusema "sisi" na neno likabeba uzito. C.L.R. James wa Trinidad aliliona hilo kabla ya wengi. Alipokuwa mhariri wa gazeti alipiga kampeni hadi Frank Worrell akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo kwa msururu mzima, 1960, na miaka mitatu baadaye akachapisha *Beyond a Boundary*, kitabu ambacho huwezi kukitenganisha, hii ni siasa na hii ni kriketi. Shabiki wa leo anayepiga simu redioni akilia ni mjukuu wa kitabu hicho, hata kama hajakifungua.

Lakini wengi wa wanaolia sasa hawakuiona hiyo miaka. Wana umri wangu, au wamenizidi kidogo. Wameipata kwa wazazi, na wameipata kwa filamu, *Fire in Babylon* ya Stevan Riley, 2010. Niliirudia wiki hiyo hiyo. Bado inasisimua, jo. Mpira unaruka kifuani mwa mpigaji, reggae inaingia, mzee Bunny Wailer anaongea, unataka kusimama. Ila safari hii niliangalia nani anasimulia. Ni washindi wakiwa wazee, wanaojua mwisho wa hadithi. Hakuna mtu ndani yake anayerudi na sufuri kisha anapanda basi la timu kimya na kesho anaamka kufanya mazoezi. Ni filamu nzuri ya sherehe, na mtu akiifanya kipimo cha kijana wa miaka 24 anayekabili mpira wa waridi jioni chini ya taa, anamwonea.

Na kuna sehemu ya filamu ambayo waombolezaji wanairuka kila mara. Mwaka 1977 Kerry Packer, tajiri wa televisheni wa Australia, alianzisha kriketi yake mwenyewe na kuwalipa wachezaji pesa ambazo bodi zao hazijawahi kuota. Lloyd alienda. Richards alienda. Holding alienda. Mwaka uliofuata, katikati ya msururu wa nyumbani dhidi ya Australia, Lloyd aliacha unahodha na wenzake wa Packer wakajitoa, kwa sababu ya ugomvi na bodi. Filamu inasimulia hayo kama ukombozi: wafanyakazi weusi wamejua thamani yao. Mimi nakubali kabisa. Mbona basi Nicholas Pooran akistaafu timu ya taifa Juni 2025, miaka 29, bila kucheza Testi hata moja, akaenda kwa wanaomlipa, hiyo inaitwa kukosa moyo? Wazee walifuata pesa ikaitwa heshima. Vijana wamefuata pesa, pengine njia ile ile waliyoonyeshwa, ikaitwa usaliti.

Hapo ndipo ninapoachana na maombolezo. "Moyo" ni neno linalomfanya msemaji asihitaji kuangalia kitu kingine. Halihitaji kujua kwamba katika mgao wa mapato ya shirikisho la kriketi duniani, India pekee inachukua zaidi ya asilimia 38, na West Indies, visiwa na nchi zote hizo kwa pamoja, hawafikishi hata asilimia tano. Halihitaji hata kutazama karatasi ya matokeo.

Tuitazame basi. Barbados, Australia walipiga mara ya kwanza wakapata 180. West Indies 190. Yaani walitangulia. Kwa mechi zote tatu Australia hawakufika hata 320 mara moja, na kila walipopiga waliondolewa wote kumi, mara sita kwa sita. Pale pale Sabina Park, kabla ya ile 27, Australia wenyewe walikuwa wametoka kwa 121. Shamar Joseph alichukua wiketi 22 katika Testi tatu. Ni yule yule wa Baracara, kijiji cha mtoni huko Guyana, aliyekuwa mlinzi kazini kabla ya kriketi, na ambaye Januari 2024 aliingia uwanja wa Gabba na kidole cha mguu kilichopondwa na mpira wa Starc, akachukua wiketi saba, West Indies wakashinda kwa mikimbio minane. Ushindi wao wa kwanza wa Testi ndani ya Australia tangu 1997. Siku hiyo Lara alilia akiwa kwenye maikrofoni.

Sasa niambie, katika msiba wa Julai nilimsikia Shamar akitajwa mara ngapi? Chache mno. Matanga hayana pa kumkalisha aliye hai na anafanya kazi yake vizuri. Anaharibu hadithi.

Kulikuwa na sauti nyingine, niwe mkweli. Wachache waliongea kuhusu mpira wa waridi unavyopinda taa zinapowashwa, kuhusu pichi zile tatu ambazo hakuna mpigaji wa upande wowote aliyezifurahia, kuhusu kijana kuletwa kwenye Testi akiwa amecheza mechi ndefu chache mno nyumbani. Waliongea kuhusu mpira. Wakaambiwa wanatoa visingizio. Mimi niliwapenda kwa sababu ni wao tu walioonekana kuamini kwamba kuna mechi nyingine inakuja.

Sisi huku pia tuna matanga yetu, na kusema kweli ni ya ajabu zaidi. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Kufikia 2014 tulikuwa tumepoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Testi hatujawahi kupewa, yaani hatujawahi kupata nafasi ya kuaibika kwa siku tano mfululizo mbele ya dunia. Kuna watu walitakiwa kuwa wapigaji wa Testi wa Kenya, na leo wanauza bima au wanaendesha teksi. Anko hawaongelei hao. Yeye anaongelea Pune. Kila mwaka anaongelea Pune, na kila mwaka Lara anatembea hadi jikoni, na nimeanza kuona kwamba hadithi yenyewe ni nzuri sana kiasi kwamba hakuna kijana anayeweza kuingia ndani yake. Nilimwambia hivyo mara moja. Akaniuliza kama nimekula.

Oktoba, West Indies walienda India wakapoteza zote mbili. Lakini Delhi, wakiwa wamelazimishwa kupiga tena moja kwa moja, John Campbell alipata 115, mia yake ya kwanza katika Testi. Campbell ndiye aliyeondolewa na Starc kwa mpira wa kwanza kabisa pale Kingston. Nilisubiri nisikie mtu akiunganisha hayo mawili. Waliounganisha unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Kisha Desemba, Christchurch, New Zealand. West Indies walipewa lengo la mikimbio 531, ambalo hakuna timu imewahi kufikia. Kwetu mchezo unaanza saa saba usiku. Nililala kidogo, nikaamka, wakawa bado wapo. Nikalala tena. Asubuhi kulikucha kabisa, matatu zimeanza kelele, na Justin Greaves alikuwa bado amesimama. Greaves ndiye aliyepata mikimbio mingi zaidi katika ile 27: alipata 11. Hapa alimaliza na 202 bila kuondolewa, kwa mipira 388. West Indies 457 kwa sita. Sare.

Nilimpigia anko nikiwa bado kitandani. Nikamwambia namba. Alinyamaza, lakini huu ulikuwa unyamavu mwingine.

"Mipira mingapi?"

"Mia tatu themanini na nane."

"Na huyo mwingine, waliyekuwa naye upande ule?"

"Kemar Roach. Mrushaji, si mpigaji hata. Ana miaka 37. Alikaa mipira 233."

"Mrushaji," alisema. Nilisikia kochi likilia, halafu viatu vyake sakafuni. "Ngoja nikae vizuri. Anza pale mwanzo, mpira wa kwanza. Nani alirusha?"