Kuchanganya na Kuungana: Uhakiki wa Fasili ya Kampaundi katika Uainishaji wa Maada

Fasili inayosikika mara kwa mara madarasani, kwamba kampaundi ni "mchanganyiko wa elementi mbili au zaidi", inapotosha, kwa kuwa inafuta mpaka ambao somo lenyewe linakusudia kuuweka. Katika mwambao wa Puta, Ziwa Mweru, ambako Kiswahili huvuka maji kutoka Kongo pamoja na biashara ya samaki, mpaka huo unaonekana sufuriani. Maji ya chumvi ni mchanganyiko: yakichemshwa hadi kukauka, chumvi hubaki. Chumvi yenyewe ni kampaundi. Si jua wala moto wa jikoni utakaoitenga kuwa sodiamu na klorini, ambazo zimeungana kwa uwiano usiobadilika. Lugha yetu tayari hutofautisha kuchanganya na kuungana. Kasoro, basi, si uchache wa msamiati bali ni uzembe wa fasili. SADC iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kabla ya kukipeleka katika madarasa mapya, vitabu viseme wazi: kampaundi ni muungano wa kikemia. Vinginevyo tutasambaza kosa pamoja na lugha.