Napoli Alibaki Benchini

Oktoba 26, 2013, mjini St. Louis, mchezo wa tatu wa fainali ya besiboli ya Marekani ulikuwa umefika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Boston Red Sox 4, wenyeji Cardinals 4. Zamu ya kupiga ikamwangukia Brandon Workman wa Boston. Workman ni mrushaji. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuwazuia wengine wasiupige mpira, na tangu aingie ligi kuu hakuwahi kusimama na gongo mkononi. Mbele yake alisimama Trevor Rosenthal, ambaye mipira yake ilikaribia mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ikaja mipira mitatu, na Workman akarudi alikotoka. Muda wote huo Mike Napoli, mmoja wa wapigaji wenye nguvu zaidi katika kikosi cha Boston, alikuwa amekaa benchini, mzima kabisa.

Kila ninaposikia watu wakibishana iwapo mrushaji apige mwenyewe au apigiwe na mtu mwingine, mimi huirudia zamu hiyo moja. Ubishi wote umo ndani yake.

Kwa msomaji aliyezoea soka: katika besiboli wapigaji tisa hupangwa kwa mfuatano kabla ya mchezo, na mfuatano huo haukatizwi. Anayetolewa harudi tena. Kwa hiyo kocha akimwingiza mtu ampigie mrushaji, mrushaji huyo ndiyo basi, hata kama mkono wake bado una nguvu. Mwaka 1973 Ligi ya Amerika iliamua kuukata mzizi huo kwa kumruhusu mpigaji mteule, mtu anayepiga kwa niaba ya mrushaji na asiyekaa ulinzini. Ligi ya Taifa ikakataa, ikashikilia msimamo huo kwa miongo mingi. Fainali hukutanisha mabingwa wa ligi hizo mbili, na tangu 1986 ilifuatwa sheria ya mwenye uwanja. Boston walitoka Ligi ya Amerika. Walipofika St. Louis, wakakuta sheria ya Ligi ya Taifa inawasubiri.

Gharama ilianza kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. David Ortiz, mpigaji mteule wa Boston, alimaliza fainali ile akiwa na mipigo 11 iliyofanikiwa katika majaribio 16. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha nje. Kocha John Farrell akampa glavu na kumsimamisha kituo cha kwanza, mahali pa Napoli. Sheria moja ikawahamisha watu watatu: Ortiz ulinzini alikokuwa mgeni, mrushaji kwenye gongo alikokuwa mgeni zaidi, na Napoli benchini.

Katika awamu ya tano Farrell alicheza vizuri. Jake Peavy alikuwa amerusha awamu nne, na katika ya nne alijinasua kwenye hatari kubwa, vituo vyote vitatu vikiwa vimejaa. Zamu yake ya kupiga ilipofika, Farrell hakusita: akamtoa, akamwingiza Mike Carp, na mpira wa Carp uliotambaa chini ukaleta pointi ya kwanza ya Boston. Alimpoteza mrushaji, akapata pointi. Biashara halali.

Workman aliingia awamu ya nane, na hapo ndipo hesabu ilipopotea. Makocha wa Ligi ya Taifa walikuwa na ufundi wao kwa nyakati kama hizo, sabu ya watu wawili kwa pamoja. Unapomwingiza mrushaji mpya, unamtoa pia mlinzi mmoja ambaye zamu yake ya kupiga iko mbali. Mlinzi mpya anashika nafasi ya mrushaji katika mfuatano wa kupiga, na mrushaji mpya anashika ile ya mlinzi aliyetoka. Ulinzi umekamilika, lakini zamu ya mrushaji imesukumwa mbali, pengine haitafika kabisa. Farrell alikuwa na David Ross, mdakaji wa akiba, ambaye angeweza kuingia pamoja na Workman badala ya Jarrod Saltalamacchia. Hakufanya hivyo, na baada ya mchezo alikiri kwamba alipaswa kufanya. Simlaumu sana. Kocha anayeishi na mpigaji mteule msimu mzima haugusi ufundi huo ila kwa nadra, na ufundi usioguswa hautoki mkononi kwa haraka.

Bado alikuwa na njia ya pili: Napoli ampigie Workman, kisha mrushaji mwingine amalizie. Alieleza kwamba alimhitaji Workman kwa zaidi ya awamu moja, maana mchezo ulielekea kurefuka. Sababu hiyo ina uzito. Tatizo ni kilichofuata. Workman alirudi kurusha, akamtoa Matt Adams, kisha Yadier Molina akapiga na kufika kituo cha kwanza. Hapo Farrell akamwondoa na kumleta Koji Uehara. Zamu nzima ya kupiga, katika awamu ya tisa ya fainali iliyo sare, ilibadilishwa na wapigaji wawili wa kukabiliana nao. Allen Craig akaupiga mpira wa kwanza wa Uehara na kufika kituo cha pili, na muda mfupi baadaye Saltalamacchia, yule yule ambaye angekuwa ameshatoka, akarusha mpira uliompita mlinzi wa kituo cha tatu, Will Middlebrooks. Craig akajikwaa kwa Middlebrooks aliyekuwa amelala chini, mwamuzi akaamua kwamba amezuiwa, na St. Louis wakashinda 5 kwa 4. Watu wanaukumbuka uamuzi huo. Mimi naukumbuka mpira wa tatu wa Rosenthal.

Sasa, je, mrushaji apige? Kwa upande wa gongo lenyewe sina shaka: hapana. Msimu wa 2021, wa mwisho kwa warushaji wa Ligi ya Taifa kupiga, warushaji walifanikiwa takriban mara 11 katika kila majaribio 100, wakati mpigaji wa kawaida hukaribia 25. Hawakuzaliwa hivyo. Watoto wa Lugazi, Uganda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, walikuwa katika umri ambao anayerusha vizuri mara nyingi ndiye pia anayepiga vizuri. Baadaye mifumo ya vijana humtenga mrushaji na gongo, kisha ligi kuu inamrudishia akiwa mtu mzima na kumwambia apambane na mtu kama Rosenthal. Huo si mtihani wa haki. Shohei Ohtani, ambaye Oktoba 17, 2025 aliwatoa wapigaji 10 kwa urushaji wake na kuupeleka mpira nje ya uwanja mara tatu katika mchezo huo huo, ni mmoja, na sheria ilishamtengenezea mlango wake mwaka 2022, mwaka ule ule mpigaji mteule alipokubaliwa katika ligi zote mbili.

Lakini kilichoondoka pamoja na gongo la mrushaji kinaniuma. Tazama mchezo wa sita wa fainali ile ile ya 2013, Oktoba 30, uliochezwa Boston kwa sheria ya Boston. Farrell aliwatumia John Lackey, Junichi Tazawa, Workman na Uehara, akashinda 6 kwa 1 na kutwaa ubingwa. Kila mrushaji aliyebadilishwa hakumgharimu kitu. Kocha leo hupunguza na kuongeza warushaji kadiri benchi linavyoruhusu, na swali gumu la awamu ya tano, nimtoe au nimwache, halimkabili tena.

Atlantic League, ligi ndogo ya huko huko Marekani, ilijaribu njia nyingine mwaka 2021: mpigaji mteule amefungwa na mrushaji aliyeanza mchezo. Ukimtoa mrushaji huyo, mpigaji mteule naye anatoka. Naiunga mkono kwa moyo wote. Weka sheria hiyo St. Louis usiku ule. Ortiz anapiga, Napoli yuko kituo cha kwanza, na Peavy anamaliza awamu ya nne akiwa amechoka, jasho la vituo vitatu vilivyojaa halijamkauka. Farrell anapaswa kuamua kama anamrudisha kwa awamu ya tano, au anamtoa na kumpoteza Ortiz huku awamu tano nzima zikiwa zimebaki.