Msimulizi wa filamu asimfichie mfalme makosa

KATIKA vibanda vya video vya Thika na Ruiru, filamu ya vita haionyeshwi hivi hivi tu. Husimuliwa. DJ hushusha sauti ya Kiingereza au Kichina na kuweka yake: huyu ndiye stering, yule ni adui, na hapa ndipo mambo yanapochacha. DJ Afro aliuvumisha sana mtindo huu nchini. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda wana VJ Jingo. Wapo wasomi wanaoudharau wakidai unaharibu filamu na Kiswahili kwa pamoja. Mimi naona kasoro yake iko kwingine.

Tuchukue Henry V, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mwaka 1599 hivi. Mfalme kijana wa Uingereza anavuka bahari, anaivamia Ufaransa na kushinda vita vya Agincourt vya mwaka 1415. Shakespeare alijua jukwaa lake halitoshei majeshi wala farasi. Akaweka msimulizi anayewaomba watazamaji radhi na kuwasihi wajazie kwa fikira yale wasiyoyaona. Basi DJ wa Githurai Kimbo si mzushi. Kazi yake ina ukoo mrefu.

Laurence Olivier alipoigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu mwaka 1944, alianzia ndani ya ukumbi wa Globe, kisha akatutoa nje hadi uwanja wa vita. Kenneth Branagh, mwaka 1989, alimvalisha msimulizi koti la siku hizi na kumtembeza katika studio tupu. Wote wawili walitambua kwamba picha peke yake haitoshi.

Lakini kuna jambo. Msimulizi wa Shakespeare humsifu mfalme, halafu tamthilia yenyewe inatuonyesha ambayo sifa hizo hazikuyataja. Mfalme anawatishia wenyeji wa Harfleur kwamba watoto wao wachanga watatungwa mikukini. Anaamuru mateka wauawe. Usiku wa kuamkia vita, akiwa amejifunika joho asitambulike, askari wa kawaida anamwambia kuwa vita visipokuwa vya haki, mfalme atakuwa na hesabu nzito ya kutoa kwa viungo vyote vilivyokatwa.

Je, filamu zilifanyaje? Mwaka 1944 Uingereza ilikuwa vitani, na Olivier aliitunukia filamu yake makomando na askari wa miavuli. Akavikata vitisho vya Harfleur, akaikata na amri ya kuua mateka. Branagh alivirudisha vitisho, hata akaonyesha Bardolph, rafiki wa zamani wa mfalme, akinyongwa. Ila ile amri ya kuua mateka naye hakuitia. Kila mmoja alimsafisha mfalme wake kwa kiasi fulani.

Hapo ndipo vibanda vyetu vinapokosea pia. Kanuni yao ni kwamba stering hafi, na stering hana makosa. Akiua mia, tunashangilia mia. Ukiipeleka kanuni hiyo kwenye tamthilia za wafalme, umeiua tamthilia. Makbeth, aliyefasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, ndiye stering na ndiye muuaji. Akira Kurosawa alipomhamishia Japani katika filamu ya mwaka 1957, aliyaacha maneno ya Shakespeare kabisa. Mwishoni, mtawala anamiminiwa mishale na askari wake mwenyewe. Lugha ilibadilika yote, lakini madai ya askari dhidi ya bwana wao yalibaki.

Kwa nini tujali? Kwa sababu kijana aliyeketi kwenye benchi la kibanda ndiye huyo huyo anayetafutwa na wanasiasa wakati wa kampeni, akaambiwa nani stering na nani adui. Lugha anayohutubiwa nayo jukwaani ni ile ile aliyoizoea kibandani.

DJ ana kipawa ambacho mhadhiri hana. Watu wanamsikiliza kwa hiari yao, tena wanalipa. Anaweza kuingilia kati na kuuliza, "Mazee, huyu aliyelala hapa matopeni alikuwa anampigania nani?" Swali moja kama hilo linatosha.

Vyuo vikuu vimejipanga kando ya Thika Road, kikiwemo Mount Kenya pale Thika mjini. Walimu na wanafunzi wa Kiswahili waache kuwacheka hawa wasimulizi. Waketi nao, waitazame Henry V pamoja, wafasiri hasa zile sehemu ambazo Olivier alizitupa.