Dola 40 za Maestro: Nani Njo Aliimba?



Mwezi uliopita mulinipa dola 40. Tulikuwa watu wanane, kila mmoja alitoa dola 5, ili tumnunulie Maestro zawadi ya kustaafu. Yeye mwenyewe njo alichagua: rekodi mbili tu, akaziandika kwa mkono wake ku karatasi ya daftari. Leo natoa hesabu. Nasema mapema kwamba dola 16 kati ya zile 40 zilipotea bure. Sikuzila. Zilipotea juu ya namna maduka ya intaneti yanavyopanga muziki, na jambo hilo linatugusa hata sisi tusiosikiliza Bach.

Karatasi ya Maestro ilisema hivi: «Bach, Messe en si mineur, Karl Richter, Munich, 1961. Missa Luba, ile ya Kamina, 1958.»

Muangalie vizuri. Mtunzi, kazi, kiongozi, mji, mwaka. Mtu anayeandika vile anajua anachotaka. Zamani ukimpelekea muuza diski karatasi kama ile, hata kama hana, alikuwa anakuelewa. Miye niliipeleka ku maduka ya intaneti, na kadi ya benki ya dada yangu aliyeko Bruxelles, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilikula wiki tatu, pamoja na mega ambazo nimelipa mwenyewe na sitaziweka mu hesabu.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Sisi mu kwaya tulifundishwa do, re, mi, kwa hiyo misa hii tunaijua kama «si mineur». Waingereza wanaiita «B minor». Wajerumani wanaiita «h-Moll», kwa sababu kwao herufi H ni si, na herufi B ni si bemoli. Kazi moja, majina matatu. Duka halijui kwamba hayo matatu ni kitu kimoja. Nikiandika kwa Kifaransa, linaniletea rekodi chache zilizoandikwa kwa Kifaransa. Richter alirekodi Ujerumani, basi yeye hayumo. Hata majina ya watunzi ni vilevile: vitabu vyetu vya shule viliandika Haendel na Tchaïkovski, wengine wanaandika Handel na Tchaikovsky, Wajerumani wanaandika Tschaikowsky. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anaanza kutafuta akiwa ameshachelewa.

Nikaacha jina la misa, nikaandika «Richter» peke yake. Hapo wakaja watu watatu. Wa kwanza ni Max Richter, mtunzi aliyezaliwa 1966, yule aliyeiandika upya Misimu Minne ya Vivaldi mwaka 2012. Wa pili ni Sviatoslav Richter, mpiga piano mkubwa wa Kirusi aliyefariki 1997. Wa tatu, chini kabisa, ni Karl Richter wetu, kiongozi wa kwaya ya Bach ya München, aliyefariki 1981. Wote watatu wako mu mfuko mmoja kama mihogo ya soko. Ni sawa na kumtafuta Ilunga mmoja mu Katanga nzima bila kuambiwa jina la baba yake.

Basi nikaona picha ya Karl Richter, jina la Bach, neno «Mass». Nikalipa dola 7. Nikampelekea Maestro na bafle yangu ndogo. Kyrie ikaanza, mzee akafumba macho. Gloria ikafuata, mikono yake ikaanza kusogea juu ya magoti, kama zamani mbele yetu. Halafu kimya. Akafungua macho.

«Mwanangu, Credo iko wapi?»

Credo haikuwemo. Nilikuwa nimenunua vipande vilivyochaguliwa. Duka lilikuwa limeandika jambo hilo kwa herufi ndogo kabisa, mahali ambapo jina refu la albamu hukatwa na skrini ya simu na kubaki nukta tatu. Dola 7 za kwanza zilikwenda hivyo.

Missa Luba nilifikiri itakuwa rahisi, kwa kuwa ni ya kwetu. Nikaandika jina, zikaja rekodi za kwaya mbalimbali. Ku kila moja kulikuwa na mwaka, na nilitafuta 1958, sikuiona. Baadaye njo nilielewa: mwaka ule wanaouonyesha ni mwaka albamu ilipotolewa tena mu diski mpya ao mu intaneti. Mwaka wa kuimba wenyewe hawausemi. Rekodi ya 1958 inaweza kuvaa mwaka wowote wa juzijuzi. Nikachagua moja yenye sura ya Kiafrika, dola 9.

Maestro hakungoja hata dakika moja.

«Aba habana batoto ba Kamina. Aba ni bantu bakubwa. Banaimba muzuri sana, lakini habana baba Kamina.»

Alisema kweli. Ilikuwa kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya uongozi wa Boniface Mganga, na kazi yao ni nzuri, sitaisema vibaya. Ila mzee alikuwa anatafuta sauti zile alizozisikia akiwa mtoto ku redio ya baba yake. Miye nilimletea jirani, nikasema huyu njo ndugu yako. Aibu niliyosikia siku ile haina bei. Dola 9 zingine zikapotea, na jumla ikafika 16.

Sasa niseme kile ninachokiona kuwa kosa lenyewe. Maduka haya yalijengwa juu ya droo tatu: msanii, wimbo, albamu. Tangu duka la iTunes lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuuza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola, karibu kila mtu ameufuata mpangilio huo. Kwa wimbo wa dakika nne wenye nyota mmoja, droo tatu zinatosha. Lakini misa ya Bach utaiweka wapi? Msanii ni nani? Ni Bach, aliyefariki 1750? Ni Richter, aliyeongoza? Ni kwaya? Ni okestra? Ni Maria Stader, aliyeimba soprano, ao Dietrich Fischer-Dieskau, aliyeimba besi? Kila duka linachagua kivyake, na ndani ya duka lilelile mfanyakazi wa leo hachagui kama yule wa jana. Na «wimbo» ni nini? Misa hiyo ina vipande zaidi ya 20, viwili kati yao vinaitwa «Kyrie eleison». Ukiandika Kyrie utaletewa misa zote za dunia.

Wengine watasema: wewe unalalamikia muziki wa wazungu, nani anaujali huku? Nawajibu na wimbo wetu. «Mabele» wote tunaujua. Aliyeutunga ni Simaro Lutumba, aliyeuimba ni Sam Mangwana, bendi ni TPOK Jazz ya Franco. Watu watatu, kazi tatu. Mu droo ya «msanii» kuna nafasi ya jina moja, na mara nyingi linaingia lile la mwenye bendi. Kijana wa leo anausikiliza na kuamini kwamba Franco njo aliutunga na kuuimba. Simaro amefutwa bila mtu yeyote kumchukia. Amefutwa juu fomu haikuwa na mstari wake.

Hapo njo ninapokataa neno la wale wanaosema ni shida ndogo ya watu wa anasa. Chombo cha kutafutia ni chombo cha kukumbuka. Kisichoweza kutafutwa kinakuwa kama hakipo, hata kama kiko pale.

Lazima niwe wa haki pia. Ndani ya simu yangu kuna muziki mwingi kuliko duka lolote la diski ambalo mji wetu umewahi kuwa nalo. Na wako walioona kosa hili wakalirekebisha: Idagio ilianza Berlin mwaka 2015 kwa muziki wa klasiki peke yake, na mwaka 2023 Apple ikatoa programu tofauti ya klasiki, ambamo unatafuta kwa mtunzi, kazi, kiongozi ao mwimbaji. Kwa hiyo mashine inaweza. Lakini kuzitumia kikamilifu kunataka malipo ya kila mara. Siku usipolipa, muziki unaondoka. Zawadi ya mzee haiwezi kuwa kitu cha kupangisha.

Wala si jambo gumu. Mwaka 1862 Ludwig von Köchel alichapisha orodha ya kazi zote za Mozart alizozijua, kila moja na namba yake, bila umeme. Mwaka 1950 Wolfgang Schmieder akafanya vile kwa Bach. Mambo haya yaliwezekana kwa karatasi na subira. Duka lenye kompyuta za leo likisema haliwezi, tujue tu kwamba halijataka.

Na namba hizo njo ziliniokoa. Misa ya Bach ni BWV 232, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Nikaandika «BWV 232 Karl Richter», rekodi ya 1961 ikatokea nzima, na Credo yake. Dola 14. Kwa Missa Luba niliacha jina la misa nikatafuta jina la kwaya: «Troubadours du Roi Baudouin». Ikaja mara moja, pamoja na nyimbo za kienyeji zilizokuwa ku upande mwingine wa diski ya zamani. Dola 8.

Ila hata pale nilipoipata, jina lililokuwa juu ni la padri Guido Haazen, aliyeanzisha kwaya. Joachim Ngoi, mwalimu wa Kamina aliyeimba solo, sikumuona popote ku ukurasa wa duka. Na wale watoto na walimu waliozibuni sauti zile pamoja, wakitumia nyimbo za wazee wao, hao hawana hata mstari mmoja. Maestro aliposikia, alitaja jina la Ngoi mwenyewe, kabla sijasema kitu. Nikawaza: siku wazee kama yeye wakiondoka, nani atalitaja?

Kwaya zetu nazo zinarekodi sasa, na tunaweka ku intaneti kwa jina la parokia peke yake. Nawaomba: muandike mtunzi, kiongozi, waimba solo, mahali na siku ya kuimba. Kama duka halina droo, muandike yote mu jina la kipande, hata likiwa refu.

Hesabu: 7, 9, 14, 8. Jumla dola 38. Dola 2 zilizobaki ziko kwa mtunza sanduku. Zile 16 nitazirudisha mwisho wa mwezi, juu ni miye nilibonyeza. Maestro anawasalimu. Anasema Sanctus ya Kamina ameishaisikiliza mara nyingi, na bafle yangu haniregeshei.