Kumpima Mchezaji wa Akiba

Sifa za mpira wa kikapu zimekuwa rahisi mno siku hizi. Kijana huinuka benchini katika robo ya nne, timu yake ikiwa imeshatangulia kwa pointi thelathini na wapinzani wakingoja tu kengele iwaruhusu kwenda kuoga, akatupa mitupo kumi na mitano, ikaingia minane, na kabla jua halijachomoza huku kwetu jina lake limeshaenea kila kijiwe kuwa ndiye mchezaji wa akiba anayewazidi waanzaji. Mwenye kuifahamu kazi hii huudhika, na ana haki ya kuudhika, kwa maana sifa inayomwendea asiyestahili hukatwa katika fungu la anayestahili, ambaye usiku uleule, katika ukumbi mwingine, aliingia kwa dakika kumi na nne, akafunga pointi nne, akaugeuza mchezo, wala hakuna aliyemtaja. Kwa ajili ya huyo wa pili naandika mwongozo huu, ili mtazamaji wa ligi ya NBA anayeukatiza usingizi wake saa kumi za alfajiri apate kujua macho yake ayaelekeze wapi.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba cheo hiki kilianza kwa heshima. Red Auerbach, kocha wa Boston Celtics, katika miaka ya 1950 alimweka Frank Ramsey benchini, si kwa udhaifu wa Ramsey, bali kwa hesabu ya kocha mwenyewe, kwamba wakati wapinzani wanapoanza kuchoka na kuwapumzisha watu wao wazuri, yeye atie mtu aliye bora kuliko aliyetoka. Baada ya Ramsey alikuja John Havlicek mwaka 1962, akairithi kazi ile na kuikuza, na katika Boston ya zama zile hakuna aliyethubutu kumdhania mtu huyo kuwa ni wa kujaza nafasi. Ligi ilipoanzisha tuzo ya mchezaji bora wa akiba katika msimu wa 1982–83, ya kwanza ilimwendea Bobby Jones wa Philadelphia 76ers, ambaye wastani wake wa msimu ule ulikuwa pointi tisa tu kwa mchezo. Alitunukiwa kwa ulinzi wake, kwa adabu ya miguu yake, na kwa kuwa kila alipoingia timu ilitulia. Na timu hiyo ikatwaa ubingwa mwaka uleule kwa kupoteza mchezo mmoja tu katika hatua yote ya mtoano. Leo mwenye pointi tisa hapewi. Tuzo imekuwa ya wafungaji, Jamal Crawford mara tatu, Lou Williams mara tatu, na ingawa mikono ya mabwana hao wawili ilikuwa na ufundi usiokanika, nasema bila kusita kwamba wapiga kura wameisahau mizani aliyopimiwa Jones.

Sasa nije kwenye alama moja ambayo mtazamaji mgeni haioni kamwe, nami naitegemea kuliko nyingine zote. Mchezaji wa akiba anapoingia, usiutazame mpira. Mtazame yeye wakati mpira uko kwa mtu mwingine, na uingoje ile nukta ambapo mtupo unapaa kutoka upande wa pili wa uwanja. Watu elfu kumi na nane ukumbini watainua nyuso zao kuufuata mpira, na pamoja nao wachezaji wengi walioko uwanjani, ambao hawana udhuru. Aliye mahiri huupa mpira kisogo. Humtafuta kwanza mtu wake, si kwa macho peke yake bali kwa kigasha na nyonga. Humgusa, akajua yuko wapi na anaelemea upande gani, akapiga hatua moja ya kumkatiza njia, akageuka na kumwekea mgongo, magoti yamekunjwa na viwiko vimetanuka, na hapo tu, mpira ukiwa umeshaanza kushuka, ndipo anapoinua uso. Yote hayo hayafikii sekunde mbili. Asiyejua huona mtu akidaka ribaundi, tena aghalabu humwona mwenzake ndiye aliyeidaka, kwa kuwa kazi ya kumfungia mtu njia mara nyingi huvunwa na mwingine, na karatasi ya takwimu humwandika aliyevuna.

Alama hii humhusu mchezaji wa akiba zaidi ya mwanzaji, na sababu yake ni dhahiri. Mwanzaji ameingia mwili ukiwa na joto, naye ana dakika thelathini na tano za kujisahihisha, ilhali wa akiba amekaa kitako kwa nusu saa au zaidi, misuli imepoa, na nafsi yake inamnong'oneza autafute mpira upesi, aonekane kabla hajarudishwa. Kuupa mpira kisogo katika dakika ya kwanza ni kuishinda nafsi hiyo. Fauka ya hayo, kitendo hicho hukufunulia alichokuwa akikifanya alipokuwa amekaa: hawezi kumpata mtu wake kwa mguso wa kwanza, pasipo kupapasa, ila yule aliyekuwa akimsoma tangu benchini, akajua kwamba bwana huyu hupenda kuzunguka kwa upande wa mstari wa nyuma na yule hupenda kusukuma katikati.

Ushahidi ulio wazi naupata kwa Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa Katanga ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya uani. Toronto Raptors walimchukua mwaka 2015 awe msaidizi wa Jonas Valančiūnas, na sehemu kubwa ya msimu alifanya kazi ya akiba, wastani wa pointi tano na nusu na ribaundi nane, tarakimu ambazo hazimwamshi mtu usingizini. Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu katika mtoano, na Biyombo akabebeshwa mzigo mbele ya Cleveland Cavaliers, timu iliyokuwa imeshinda michezo yake kumi yote ya mtoano ule, miwili ya mwisho ikiwa dhidi ya Toronto wenyewe, tena kwa aibu. Katika mchezo wa tatu, tarehe 21 Mei 2016, alidaka ribaundi ishirini na sita, idadi ambayo hakuna mchezaji wa Raptors aliyewahi kuifikia katika mchezo mmoja, na Toronto wakashinda 99 kwa 84. Nilisikia watu wakisema kwamba kijana yule anaruka sana. Ni kweli anaruka, lakini ribaundi ishirini na sita hazipatikani kwa kuruka, hasa mbele ya Tristan Thompson wa Cleveland, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuziwania ribaundi za mashambulizi. Wenye kutaka kujifunza wautazame tena mchezo ule wakiwa wameukataza moyo kuufuata mpira, nao wataona jinsi mkono wa Mkongo yule unavyomtangulia mtu kabla macho yake hayajautangulia mpira. Wiki chache baadaye Orlando Magic walimpa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne, wakati wao tayari walikuwa na Nikola Vučević katika nafasi ileile. Naamini kwamba walioununua usiku ule waliinunua idadi, wakaiacha kazi iliyoizaa, na sikushangaa kwamba kabla mkataba haujafika mwisho alikuwa amekwisha kuhamishiwa Charlotte.

Wala sifa hii si ya watu warefu peke yao. Tarehe 15 Aprili 1965, katika mchezo wa saba wa fainali ya upande wa Mashariki, Boston wakiongoza 110 kwa 109 na sekunde tano zimebaki, Bill Russell, mkubwa wao wote, aliurusha mpira kuuingiza uwanjani ukagonga waya ulioshikilia goli, ukawa mali ya Philadelphia. Hal Greer akasimama nje ya mstari kuuingiza. Havlicek alikuwa akimlinda Chet Walker, mgongo wake umeelekea kwa Greer, na badala ya kupinduka kila mara kuuchungulia mpira kama ambavyo wewe nami tungefanya, alikuwa akihesabu moyoni zile sekunde tano ambazo mwenye kuingiza huruhusiwa. Hesabu ilipokaribia kwisha na mpira haujatoka, alijua kwamba sasa hauna budi kutoka. Akageuza kichwa mara moja, akauona unapaa kumwendea Walker, akaupiga kwa ncha za vidole, ukamwangukia Sam Jones, na mchezo ukaisha. Dunia inaikumbuka sauti ya mtangazaji Johnny Most akipiga kelele redioni. Mimi naithamini ile hesabu ya kimya iliyotangulia kelele, kwa kuwa ndiyo iliyompa mtu aliyelelewa benchini ujasiri wa kutoutazama mpira ambao ukumbi wote uliukodolea macho.

Na ukitaka kuona gharama ya kosa lililo kinyume chake, rudi Detroit tarehe 19 Juni 2005, mchezo wa tano wa fainali, dakika za nyongeza. Robert Horry wa San Antonio Spurs, aliyeingia kutoka benchini, alimwingizia mpira Manu Ginóbili pembeni. Rasheed Wallace wa Detroit, mlinzi hodari asiye na haja ya kutetewa na mtu, aliufuata mpira kwenda kumzingira Ginóbili, akamwacha Horry peke yake. Mpira ukarudi, mtupo wa pointi tatu ukaingia, na Spurs wakashinda 96 kwa 95. Horry alifunga pointi ishirini na moja usiku ule, zote katika sehemu ya mwisho ya mchezo. Wengi huiita bahati, kana kwamba bahati ndiyo iliyomfundisha kubaki mahali pake baada ya kuutoa mpira mkononi, miguu tayari na mikono tayari, wakati wengi wangekimbilia ndani.

Walaghai nao wapo. Mwezi wa Machi 2003 Ricky Davis wa Cleveland, akiwa na ribaundi tisa na akihitaji ya kumi ili jina lake liandikwe kwa tarakimu mbili katika safu tatu, aliutupa mpira makusudi kwenye goli la timu yake mwenyewe, mchezo ukiwa umeshaamuliwa, ili audake tena. DeShawn Stevenson wa Utah alimwangusha kwa fauli, kocha wake Jerry Sloan akamsifu kwa kufanya hivyo, ligi ikakataa kuihesabu ribaundi ile, na Cleveland wenyewe wakamtoza Davis faini. Davis wakati ule hakuwa mtu wa benchi, lakini ugonjwa wake ndio unaowashika watu wa benchi zaidi, kwa sababu dakika zao ni chache na kila tarakimu ni hoja katika mkataba ujao. Alikuwapo pia yule aliyeushika mpira mwisho wa robo, akangoja taa iwake, ndipo akautupa kutoka mbali, mtupo usije ukaharibu asilimia yake. Hadaa hii ilienea mno hata ligi ikaamua, kuanzia msimu wa 2025–26, kuiandika mitupo ya mbali ya mwisho wa robo inayokosa kwa timu badala ya mchezaji. Mtazame pia anayeziba mtupo kwa kishindo mpira ukaenda kwa watazamaji, nao wakashangilia. Russell aliuziba akaupeleka kwa mwenzake, na mpaka leo sikubali kumwita mtu mzibaji hodari ikiwa mpira aliouziba humrudia adui.

Kanuni nyingine nitazitaja kwa haraka, kwa kuwa hazihitaji hoja. Mchezaji wa akiba asiyejua timu yake ina fauli ngapi wakati anapovuka mstari hafai. Anayeshangilia kikapu chake kabla hajarudi kulinda hafai. Mtupo wake wa kwanza usitokane na kuuchezesha mpira mwenyewe. Utokane na pasi, miguu ikiwa imeshatua. Wala asihukumiwe na mtu yeyote kabla hajamaliza msimu wake wa tatu, maana kazi ya benchi haifundishwi vyuoni, na walioijua tangu mwaka wa kwanza ni wachache mno.

Kuna watakaosema kwamba mizani hii yangu inawadhulumu wafungaji. Hasha. Andre Iguodala alikuwa ameanza kila mchezo aliocheza katika misimu yake kumi ya kwanza, hata kocha Steve Kerr, ambaye naye aliishi benchini na kutoka benchini akaifungia Chicago kikapu cha ushindi wa fainali ya 1997, alipomwomba akae benchini. Hakuanza mchezo hata mmoja wa msimu wa kawaida wa 2014–15. Katika fainali, Golden State wakiwa nyuma kwa mchezo mmoja dhidi ya Cleveland, Kerr alimwanzisha katika mchezo wa nne, na mtu huyo, aliyekuwa akimlinda LeBron James mchezo baada ya mchezo, alifunga pointi ishirini na mbili usiku ule, na fainali zilipokwisha akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa fainali hizo. Alifunga, ndiyo, lakini kwanza alilinda.

Na yuko Vinnie Johnson wa Detroit Pistons, mfungaji wa dhati, aliyebandikwa jina la Microwave, tanuri la umeme, na Danny Ainge kwa kuwa alipata moto papo hapo. Tarehe 14 Juni 1990, huko Portland, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi saba na dakika mbili zimebaki, Detroit walifunga pointi tisa mfululizo, saba kati yake zikiwa za Johnson, na mtupo wake wa mwisho uliingia ikiwa imebaki chini ya sekunde moja, 92 kwa 90, ubingwa ukaenda Detroit. Pointi tisa zile zilihitaji wapinzani wasipate hata moja kwa muda wote huo, na Johnson alikuwa uwanjani akilinda pamoja na wenzake wanne. Jezi yake namba 15 Detroit waliistaafisha, asiivae mtu mwingine. Tuzo ya mchezaji bora wa akiba hakupewa hata mara moja, wala Horry hakupewa.