Shauri la Shamba la Mangwal

Mwaka 2009 Meja Jim Gant, askari wa Marekani, alitoa kitabu kidogo kiitwacho One Tribe at a Time, maana yake kabila moja moja. Wakubwa wa jeshi lake walikisifu, hata Jemadari Petraeus, na mwaka 2010 akarudishwa Afghanistan apate kuyatenda aliyoyaandika. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza kilinipendeza. Mara ya pili nilisimama penye habari moja, na juu ya habari hiyo nataka kusema.

Wamarekani waliingia Afghanistan mwaka 2001, baada ya kushambuliwa New York na Washington, wakaiangusha serikali ya Taliban. Mwaka 2003 Gant na kikosi chake kidogo walifika Mangwal, kijiji cha Wapashtuni katika jimbo la Kunar, nchi ya milima iliyo mpakani mwa Pakistan. Mzee wa kijiji, Malik Noor Afzal (malik ni kama jumbe kwetu), alimkaribisha, wakanywa chai, wakazungumza saa nyingi, hata Gant akampenda kama baba yake. Alimpa na jina, Sitting Bull, ndilo jina la mkuu wa Walakota wa Marekani. Jina hilo latia hofu kidogo, kwa kuwa mkuu yule alipigana na jeshi hili hili la Marekani, na mwaka 1890 akauawa na polisi wa taifa lake mwenyewe walioajiriwa na serikali.

Hapo kitabu ni kizuri kweli. Mwandishi awaonya wenzake wasijifungie ndani ya maboma. Yawapasa kukaa na wenyeji, kula nao, na kuzijua desturi zao: kumkirimu mgeni, kumlinda aliyekimbilia nyumbani mwako, kulipiza ukidhulumiwa. Si askari wengi waandikao hivi.

Sasa tuje kwenye habari ile. Malik alimweleza Gant ya kuwa watu wa milimani wamechukua ardhi ya watu wake wa bondeni. Ardhi hiyo, alisema, walipewa zamani na mfalme wa Afghanistan, na hati zake angemwonyesha. Gant akajibu kwamba hana haja ya hati, neno la malik latosha. Kisha akamwahidi kwamba watu wa milimani wasipoirudisha, yeye na askari wake watapigana nao upande wa malik. Baada ya hayo mwandishi asema kwa ufupi tu ya kuwa shauri lilikwisha, wala haelezi zaidi.

Lilikwisha namna gani? Kila msomaji aliyewahi kuketi barazani katika kesi ya shamba atauliza hivyo. Mzee wa milimani jina lake nani? Alijibu nini? Yeye naye hakuwa na hati? Wapashtuni wana baraza lao, jirga, ambamo wazee wa pande zote huketi hata wapatane. Lakini mgeni mwenye bunduki akiisha kuingia upande mmoja, wa upande wa pili atasema nini barazani? Tena lugha yao ina neno tarbur, maana yake mwana wa ndugu ya baba, na neno hilo hilo hutumika kwa mshindani, kwa maana urithi wa ardhi huwagombanisha. Basi mtu asemaye amefanya urafiki na kabila, mara nyingi amefanya urafiki na nyumba moja, na nyumba ya pili yamtazama. Kitabu hakisemi kwamba watu wale wa milimani walikwenda kwa Taliban. Walakini aliyeshindwa kwa bunduki ya mgeni hutafuta bunduki nyingine, na iliyokuwa karibu ni ile.

Wasomaji wakumbuka habari ya Yoshua na Wagibeoni. Yoshua naye aliamini maneno bila kuchunguza, akafanya agano. Lakini Wagibeoni waliposhambuliwa, alipanda usiku kucha kwenda kuwaokoa, na agano lile likawafunga Waisraeli hata siku za Sauli na Daudi.

Gant alilijua jambo hili. Aandika mwenyewe ya kuwa anayefanya urafiki na kabila yampasa kukaa nalo miaka mingi. Huo ndio ukweli mkubwa wa kitabu, nao ndio unaokihukumu. Yoshua aliweza kuahidi kwa sababu jeshi lilikuwa mkononi mwake. Ahadi ya meja ilikuwa mikononi mwa watu wa Washington, ambao hawakunywa chai ya Noor Afzal. Mwaka 2012 Gant aliondolewa kazini kwa kuvunja sheria za jeshi, na makosa hayo si yangu kuyapima. Polisi wa vijijini, walioanzishwa mwaka 2010 kwa fikira zilizofanana na zake, walivunjwa mwaka 2020. Mwezi wa Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul, na askari wa mwisho wa Marekani akapanda ndege. Waliopokea silaha za mgeni walibaki vijijini mwao, pamoja na majirani zao.

Ningependa sana kuzisoma kurasa ambazo Meja Gant hakuziandika: siku alipopanda milimani, na watu aliowakuta huko.