Bolti Iliyogoma

Kufungua injini ambayo bolti zake zote zinatii ni kazi ya nguvu na kumbukumbu. Fundi hupimwa kwa ile moja iliyogoma, iliyojificha chini ya manifoldi ya eksozi, mahali ambapo hata spana inaingia kwa kubembelezwa.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hujikaza ndani ya hesi. Magari ya Tanga na Mombasa hupata na chumvi ya bahari juu yake. Hedi ya injini, inamofungwa bolti hiyo, ikiwa ya alumini, unyevu wa chumvi ukipita kati yake na bolti ya chuma, alumini ndiyo inayolika, na unga wake mweupe huganda humo humo. Mwenye pupa atachomeka bomba refu kwenye spana, avute kwa uzito wa mwili, na bolti itakatikia ndani.

Fundi ninayemsifu huanza na brashi ya waya. Humwagia mafuta ya kupenya, akaenda kushika kazi nyingine. Akirudi hugonga kichwa cha bolti kwa mapigo mafupi yaliyonyooka, kutu ipasuke, mafuta yapate njia. Huchagua soketi ya pembe sita, kwa kuwa inabana ubavu wa kichwa na wala hailambi kona zake. Halafu, jambo linalowashangaza wanagenzi wote, huikaza kwanza. Kidogo tu, ile kutu iachie. Ndipo hulegeza robo, hurudisha, huongeza mafuta, hulegeza tena.

Wakati wote huo anasikiliza. Bolti inayokubali hulia, kwii! Inayotaka kukatika hainung'uniki: huwa laini mkononi, inavutika kama mpira. Kuitambua hali hiyo na kuacha papo hapo ndio ufundi wenyewe, na hakuna kitabu kinachoweza kuufundisha mkono jambo hilo.

Ikizidi ubishi, huja moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo hupashwa hedi kuizunguka bolti ili tundu lipanuke. Hapo panataka moyo mtulivu. Chuma kikizidi moto huwa chekundu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kukupa rangi yoyote ya kukuonya. Kwa hiyo mwale hautulii mahali pamoja hata kidogo.

Wenye magari hulipia wanachokiona, kipuri kipya kwenye boksi lake. Bolti iliyotoka nzima haiachi cha kuonyesha, na saa nzima iliyotumika huitwa kuchelewesha. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa ghali kuliko zote za gereji, na ilipwe hivyo. Maana hata baada ya hapo fundi huyu hafungi haraka: hupitisha tapu kusafisha hesi, hupaka grisi ya shaba kwenye bolti mpya, ili atakayefungua injini hiyo baadaye, hata akiwa wa gereji nyingine, asiteseke.